Mfuko wa Kitambaa Hupimwa kwa Vishikio Vyake

Ukitaka kujua kama mfuko wa kitambaa umeshonwa na mtu anayeijua kazi, usianze kwa kutazama maua ya kitenge. Shika vishikio uvivute kwa nguvu, kisha ugeuze mdomo wa mfuko uone vimeshikizwa vipi. Tangu Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mifuko ya kushonwa imekuwa kitu cha kila siku hapa Kisumu, na mingi ninayoletewa niirekebishe haikuchanika tumboni wala kwenye kitako, bali iling'oka pale kishikio kinapokutana na mdomo. Uzito wote wa mihogo, sukuma wiki na unga huning'inia kwenye sehemu nne ndogo, na mara nyingi kila sehemu imepitishwa mshono mmoja tu.

Kuhusu tumbo la mfuko sina mengi. Chukua marekani nzito (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) au kitenge cha pamba, ukiloweke na kukianika kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi na kupungua inapofuliwa. Vipande viwili vya sentimita 42 kwa 45, vikiunganishwa kwa mshono wa sentimita moja pande tatu na kuachiwa sentimita nne za pindo la juu, hutoa mfuko wa sentimita 40 kwa 40, na huo hutosha safari ya soko la Kibuye.

Kazi yenyewe ni vishikio. Kila kimoja hukatwa upana wa sentimita 10 na urefu wa 65, na lazima urefu huo ufuate mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, kwani kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka na baada ya muda mfuko hugonga magoti. Kunja kipande katikati kwa urefu, upige pasi, ufungue, uingize kingo zote mbili hadi kwenye alama ya katikati, kisha ukunje tena. Utabaki na mkanda wa sentimita mbili na nusu wenye tabaka nne. Shona pande zote mbili za mkanda, hata ule uliokwisha kukunjwa ambao hauhitaji kufungwa, kwa sababu mshono wa upande mmoja huufanya mkanda ujipinde kama kamba.

Kabla ya kushona pindo la mdomo, ingiza ncha za kishikio chini ya pindo hilo, takriban sentimita 11 kutoka kila upande wa mfuko, kishikio chenyewe kikiwa kimeelekea chini. Shona pindo lote kuzunguka, kisha inua kishikio juu na ukishikize upya kwa mraba mdogo wa mshono, wenye mistari miwili ya kushona inayopishana pembe kwa pembe. Mraba huo hugawa uzito kwenye eneo zima badala ya kuuacha kwenye mstari mmoja wa matundu ya sindano, ambao hupasuka kama karatasi ya stempu. Hapo sindano hupita tabaka 11, kwa hiyo tumia namba 16, urefushe mshono kidogo, na penye ugumu zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono.

Wanaotumia jinzi za mtumba, ambazo kwa kweli hutoa mifuko imara kuliko kitenge, wasikunje mkanda uwe na tabaka nne, maana cherehani ya nyumbani haitapita hapo bila kuvunja sindano. Watumie vipande viwili vilivyokunjwa kingo tu, au wachanganye: jinzi kwa tumbo na marekani kwa vishikio.

Urefu wa 65 ni wa kutundika begani, jambo linalomfaa anayepanda bodaboda akiwa na gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mbili za mahindi na anahitaji mikono yote miwili iwe huru. Anayebeba mkononi hupunguziwa hadi 45, na mteja mfupi hupimwa kabla ya makasi kugusa kitambaa.