Siku moja maishani mwangu: reli za mnara wa Saturn V kwa kipimo cha 1:144

Nikisema natengeneza mifano ya majukwaa ya kurushia roketi, swali la kwanza huwa seti yake inauzwa wapi. Hakuna seti. Kuna karatasi za plastiki, waya, picha na hesabu. Kilichopo mezani ni jukwaa namba 1 la Kennedy Space Center, lililobeba Saturn V, roketi ya Apollo 11, safari ya kwanza ya kutua mwezini, mwaka 1969. Sitaha ni milimita 339 kwa 286, tundu la moto milimita 95 kila upande, na mnara unapita sentimita 80. Makubwa hayo yalishaisha. Leo ni reli za kushikia, zile zinazozunguka kila sakafu ya mnara.

Saa 1 asubuhi. Jua likiwa bado chini, mwanga wake hupita ubavuni na kuanika kila nguzo iliyolala. Nang'oa mbili za jana.

Saa 2. Kuandaa waya. Waya laini wa umeme wa milimita 1.5 za mraba una nyuzi 30 hivi za shaba, kila uzi milimita 0.25. Bomba la reli halisi, la inchi moja na nusu, likigawanywa kwa 144 linatoa milimita 0.26, kwa hiyo hakuna cha kutafuta dukani. Shika ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye koleo, vuta polepole mpaka uhisi uzi umekubali kurefuka kidogo. Hapo unanyooka na kukakamaa. Ukivuta kwa kushtukiza unakatika.

Saa 3 hadi saa 5: kutoboa matundu ya 0.3 ukingoni mwa sakafu, kila baada ya milimita 17. Pima yote kutoka kona moja. Anayepima kutoka tundu hadi tundu hujikuta kona ya pili amepotea milimita nzima.

Saa 5 na dakika kumi, simu ya mteja. "Fundi, mbona mnara mwekundu? Wa kweli ni wa kijivu." Ametuma picha. Namwambia, bosi, huo ni mnara wa enzi za shuttle, vile vyombo vya anga vyenye mabawa vilivyofuata Apollo, uliosimikwa kwenye pedi yenyewe ya kurushia kwa vipande vya minara hii hii ya Apollo, na kijivu kilikuja baadaye. Mwaka 1969 ulikuwa mwekundu. Anatuma picha ya pili, ya usiku, taa zimeufanya mnara uonekane wa waridi. Ya tatu imechukuliwa kwenye skrini ya simu nyingine. Nusu saa imekwenda, halafu anauliza kama naweza "kuweka rangi ya katikati". Hakuna rangi ya katikati. Nyekundu yenye kahawia kidogo na tone la nyeupe, maana kitu kidogo kikipakwa rangi kamili huonekana cheusi kuliko kilivyo.

Chakula, dakika kumi na tano.

Mchana ni kulehemu. Kibao cha mbao kina mifereji miwili ya kulaza reli, ya juu na ya kati, na mikato ya nguzo. Nguzo hukatwa milimita 8.9: 7.4 zinaonekana, 1.5 zinazama kwenye tundu. Pande mbili za sakafu zina nguzo sita, mbili zina nne tu, kwa sababu nguzo za kona tayari zimehesabiwa. Ukisahau hilo, kila kona itakuwa na nguzo pacha. Jumla kwa sakafu moja nguzo 20, maungio 40, kabla ya kukata nafasi za mikono tisa inayoelekea kwenye roketi. Sakafu ni 18, na za chini ni pana zaidi.

Shaba ikipata moto hurefuka. Ukifunga reli ncha zote mbili kisha ulehemu katikati, itavimba kama upinde na kubaki hivyo. Anza katikati, nenda nje, ncha ziachwe huru. Risasi iwe kidogo mno: tone la nusu milimita kwenye mnara halisi lingekuwa donge la sentimita saba, na jicho hulikamata kabla ya kuona roketi. Pasi ya kulehemu isikae zaidi ya sekunde moja, la sivyo ungio la jirani linafunguka. Leo limefunguka mara nne kwenye sakafu ya futi 320 (sakafu huitwa kwa urefu wake kwenye mnara halisi), ile ya mkono namba 9 waliopitia wanaanga Armstrong, Aldrin na Collins kuingia chomboni, sakafu ambayo kila mtazamaji huinamia kuitazama kwanza. Nimeitupa, nikaanza upya. Kuanzia hapo saa sikuitazama.

Jioni, bunduki ya rangi. Rangi yenye unene wa 0.03 kila upande inageuza waya wa 0.25 kuwa 0.31, kwa hiyo koti ni moja, jepesi, na praima haipiti kwenye reli. Gundi ya supa nimeigusisha kwa ncha ya sindano chini ya sakafu, na dirisha liko wazi. Ukiifunika kabla haijakauka, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi.

Giza limeshaingia. Sakafu tatu zimesimama. Ya futi 340 iko kwenye kibao, upande mmoja, nguzo tano. Ya sita imeruka kutoka kwenye kibano ikaingia chini ya meza, na leo siiinamii.