Kijapani cha Boriti za Mikoko

Nilipomweleza mamangu kwamba nataka kwenda Japani peke yangu kwa siku kumi, nikiwa na umri wa miaka 22, hakuniuliza habari za fedha wala za ndege. "Mwanangu, huko utakula nini?" ndilo lililokuwa swali lake, nami nikalipuuza.

Kijapani nilikuwa nimejifunza kwa miezi 14 nyumbani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kwa simu na daftari. Matamshi hayakunisumbua, kwa kuwa irabu zao ni tano kama zetu na silabi zao nyingi huishia kwa irabu. Herufi 46 za msingi za hiragana nilizimaliza kwa mwezi mmoja, na za katakana, ambazo nazo ni 46, zikafuata. Kuhesabu, mahali ambapo wageni wengi hukwama, ndiko nilikokupenda zaidi: vitu virefu vyembamba vina kihesabio chao, hon, vilivyo bapa vina chao, mai, na watu nao wana njia yao, hitori (mtu mmoja), futari (watu wawili). Mtu aliyelelewa na ngeli, ajuaye kwamba mtu ni mmoja lakini kiti ni kimoja na jiwe ni moja, hawezi kulalamikia mpango kama huo. Jioni nilikuwa nikikaa gatini na kuhesabu boriti za mikoko zikipakiwa jahazini, ippon, nihon, sanbon, yonhon, yaani moja hadi nne kwa hon, huku wachukuzi wakinitazama kwa huruma.

Viza niliiombea Nairobi, ambako nilitakiwa kuandika ratiba ya safari siku kwa siku. Sina zaidi la kusimulia hapo isipokuwa uchovu wa basi. Siku ya safari nilivuka kwa mashua hadi kiwanja cha ndege cha Manda, na mwisho wa yote nikatua Kansai, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa kilichotengenezwa na watu na kufunguliwa mwaka 1994. Nilitoka kisiwani nikaingia kisiwani, ila huko watu huvuka kwa treni.

Shida ilinikuta mjini Kobe, katika duka dogo lililo wazi usiku kucha. Niliokota tonge la wali lenye pembe tatu, lililofungwa kwa mwani, nikasoma hiragana zake mbili kwa fahari: sa, ke. Sake! Neno hilo nilikuwa nimelihifadhi makusudi ili nilikwepe, kwani ni pombe. Nikalirudisha upesi, nikachukua jingine, nalo ni sake vilevile. Njaa ikanipa ujasiri, nikamwendea muuzaji. "Sumimasen, kore wa osake desu ka?" yaani, samahani, hii ni pombe? Kijana yule alishtuka, akatikisa kichwa, kisha akaunyoosha mkono wake na kuupeperusha kama mkia majini. "Sakana desu." Samaki! Kumbe samoni nao huitwa sake, na mimi, mtoto wa Lamu, nilikuwa nikimkimbia samaki.

Tangu hapo nilibadili namna ya kusoma. Niliacha kuzitegemea hiragana pekee, nikajifunza kuzikagua kanji za vyakula, yaani zile herufi za asili ya Kichina zinazobeba maana, kwa sehemu zake: ile ya samoni ina alama ya samaki upande wa kushoto, na ile ya pombe ina matone matatu ya maji. Kanji ya nguruwe niliinakili kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya simu, na kila pakiti niliilinganisha nayo kabla ya kulipa. Ijumaa niliuliza njia kwa Kijapani mara tatu hadi nikaufikia Msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935 na ambao ni wa kwanza nchini humo, na baada ya swala nikaoneshwa maduka ya chakula cha halali yaliyo karibu. Hilo lilinifaa kuliko ratiba yangu yote.

Asubuhi iliyofuata nilirudi katika duka lile nikasema, "Sake, niko kudasai," yaani nipe matonge mawili. Neno hilo "niko" likanichekesha mwenyewe mbele ya mashine ya malipo, wala sikuwa na Kijapani cha kumweleza muuzaji sababu.