Saa Nzima Peke Yangu Ndani ya Ngome ya Lamu

Maneno ya mchezo wangu niliyahifadhi mapema. Kila alfajiri nilikuwa nikiyasema kando ya bahari, nikielekea Shela, kabla punda hawajaanza kubebeshwa mchanga. Kazi hasa ya kuigiza peke yako ni yule mwenzako asiyekuwepo.

Mchezo niliuandika kwa ajili ya Ngome. Wageni huelezwa kwamba ilimalizika kujengwa 1821, lakini watu wazima wa Amu, yaani Lamu, wanaijua kama jela, maana ilikuwa gereza mpaka 1984. Nikamweka dada anayempelekea kaka yake chakula, askari wa mlangoni, na huyo mfungwa. Dada na askari naigiza mimi, kwa leso moja tu. Mfungwa hasemi neno.

Dada humtazama askari juu kidogo, kuliani, kwa kuwa askari yuko ngazini. Askari humjibu akitazama chini, kushotoni. Nikihama kwa mmoja kwenda kwa mwingine huanza na miguu: dada ameibana, askari ameitanua. Sauti huja yenyewe. Dada anasema Kiamu, askari Kiswahili cha bara.

Aliyenisumbua ni kaka. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akinisikiliza nikifanya mazoezi darini, akaniambia: “Mwanangu, mimi simuoni nduguyo. Mato yako yamtafuta.” Mato ni macho. Basi nikachagua jiwe moja la matumbawe ukutani, kimo cha goti, maana mfungwa kaketi chini. Nikisema naye, jicho halibanduki hapo. Na nikishamuuliza, namngoja. Nashusha pumzi, namwacha afikiri, namwona akikataa kujibu, ndipo naendelea. Waigizaji wengi hukikimbia kimya hicho wakihofia watu watachoka. Mimi naona ndicho kinachomleta mtu wa pili jukwaani.

Tulianza baada ya sala ya isha, adhana isije ikatukata katikati. Kipaza sauti sikukitaka. Kuta za uani hurudisha sauti, ila lazima uyapunguze mbio maneno ya mwisho.

Kuna mahali askari anaukagua mkate wa mofa. Mkate haupo, ni mikono tu. Nilipouvunja, mzee mmoja wa safu ya mbele akasema kwa nguvu, “Waliivunja yote! Yote!” Nikabaki askari, nikamtazama mpaka akamaliza, kisha nikachukua wa pili nikauvunja.