Sketi iliyokosa sentimita 6: siku yangu moja chuoni, Newala

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho. Novemba hapa juu Newala, saa hizi ndizo zenye upepo. Kukishapambazuka jua linakaza mpaka jioni. Nabandika chai, nachemsha mihogo, namwamsha mwanangu wa darasa la tano ambaye kila siku anaomba dakika tano.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha maendeleo ya wananchi, na huu ni mwaka wa tatu nashika taaluma. Ukishika taaluma, ratiba ni yako, mitihani ni yako, na mwanachuo akianza kupotea wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Leo Alhamisi, siku yangu ya kuandika tangazo linalosomwa mstarini Ijumaa na kubandikwa ubaoni: mtumishi gani kaja, nani anaondoka, nani anasaidiwa saa ngapi na mwalimu yupi. Kuna wiki tangazo hilo linajaa nusu ukurasa tu. Wiki hii nimelala nalifikiria.

Saa 1 na robo. Nasimama karibu na kituo cha watoto kuangalia akina mama wanavyoingia. Wanakuja na watoto mgongoni, daftari kwenye mfuko wa plastiki, chupa ya uji mkononi. Wengi ni mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito. Kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi shuleni, vyuo kama chetu vilikuwa kati ya milango michache iliyobaki wazi kwao. Mlango wa shule umefunguliwa, na bado wapo wanaokuja kwetu. Nikiwauliza, jibu ni lilelile: hapa mtoto ana pa kukaa.

Mlezi wa kituo ana ujauzito mkubwa. Jumatatu anaanza likizo ya uzazi, siku 84, na wakiwa mapacha 100. Ni haki yake, mimi mwenyewe nilimhimiza ajaze fomu mapema. Ila najua mlezi akikosekana asubuhi, karakana ya ushonaji inabaki na viti vitupu asubuhi hiyohiyo. Mwaka juzi aliugua siku nne tu, na mabinti wawili hawakurudi mpaka nilipowafuata nyumbani.

Saa 2. Mahudhurio. Wa uashi watatu hawapo, wa kilimo wawili. Msimu huu sina haja ya kuuliza, wako mashambani wanaokota korosho. Nampigia mzazi mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Najua unalopigia. Sasa nifanyeje? Mvua hiyo imeshaonyesha dalili, korosho ikilala chini na maji naenda ghalani kuambiwa daraja la pili. Na ada ya huyohuyo kijana inatoka humo."

Hana kosa hata moja. Tumekubaliana kijana aje Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi asubuhi afidie vipindi vyake pamoja na wenzake wanne, mpaka mwisho wa msimu. Wapo wakufunzi wanaoona huku ni kuwadekeza, kwamba mtoro ni mtoro. Mimi nasema ukimwandikia barua ya onyo kijana anayeokota korosho za ada yake, utampata yeye na baba yake wote wamekukasirikia, na tofali bado hajui kulipanga.

Saa 4. Chai. Mkufunzi mpya wa umeme wa majumbani ameripoti. Kaingia na begi limejaa vumbi la safari, barua mkononi, sura ya mtu ambaye hajalala. Swali lake la kwanza lilikuwa maji. Nikamwambia, mdogo wangu, nunua pipa kabla hujanunua kitanda. Kacheka, lakini kaandika kwenye simu. Tumekaa muda mrefu bila mtu wa umeme, vijana walikuwa wanafundishwa na fundi wa mtaani siku mbili kwa wiki. Nimemfurahia sana.

Saa 5 mpaka saa 7 kasoro. Kikao cha watumishi. Ajenda ya kwanza ilikuwa ya Mama Cherehani. Ndivyo wanachuo wanavyomwita mkufunzi wetu wa ushonaji, na sisi tumefuata. Mwezi ujao anatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Angeweza kuondoka kwa hiari akiwa na 55, hakutaka. Alianza kazi hapa akiwa binti, wakati vyuo hivi, vilivyoanzishwa 1975 kwa fikra ambazo Mwalimu Nyerere alizichukua kutoka vyuo vya wananchi vya Sweden, vilikuwa bado vinapokea wanakijiji kwa kozi za wiki chache za kilimo na mapishi. Ameona vyuo vikihamishwa kutoka wizara iliyoshika maendeleo ya jamii kwenda Wizara ya Elimu mwaka 2017. Yeye meza yake ni ileile, chini ya dirisha, na mkasi wake una kitambaa chekundu kwenye mpini ili mtu asiukatie karatasi.

Mkuu wa Chuo alimuuliza anataka aagwe vipi. Akasema, "Msininunulie kabati. Ninunulieni mtu wa kukaa na hawa watoto wangu wasiojua robo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka, kwa sababu hapo ndipo ilipo ajenda yangu.

Masomo ya ziada tumekuwa tunayaweka saa 11 jioni, kwenye darasa la nadharia. Mahudhurio nimeyachukua mwenyewe muhula mzima. Wanaokuja ni wavulana wa bweni, tena wale wanaofaulu. Mama mwenye mtoto, anayetembea kwa miguu kurudi kijijini, saa 11 anataka awe ameshafika asonge ugali. Tumeweka msaada saa inayotufaa sisi, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba wanaohitaji hawajitokezi. Nilisema hivyo kikaoni, na sauti yangu ilipanda kidogo. Pendekezo langu: masomo ya ziada yaanze saa 9 alasiri, na yahamie karakana. Hesabu ya mwashi ifundishwe kwenye mchanga na saruji, ya mshonaji mezani kwake penye kitambaa. Mwenzetu aliyerudi mwezi uliopita kutoka Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro akaunga mkono, akajitolea siku mbili. Wale wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, QT, ili wasajiliwe kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wabaki darasani na Kiingereza chao, wana walimu wawili. Imepita, kuanzia Jumatatu.

Ya mlezi ndiyo iliyotukwamisha. Mkuu alipendekeza wakufunzi tupokezane, kila mtu siku yake. Nilikataa, kwa heshima. Mtoto wa mwaka mmoja akikuta sura mpya kila asubuhi atalia, na mama yake aliyeko ukuta wa pili hatashona kitu. Anatakiwa mtu mmoja. Mhasibu akasema kwenye mapato ya sare tulizoshonea shule za jirani kuna fungu linaweza kumlipa kibarua kwa miezi mitatu. Basi nikaambiwa, taaluma, mtafute.

Saa 7. Wali na mbaazi. Nimekula nikiwa nimesimama.

Saa 9. Sikungoja Jumatatu. Nilikwenda karakana ya ushonaji kujaribu hiyo saa mpya, nikamkuta binti mmoja ameinamia sketi yake kama mtu aliyefiwa. Ameishona vizuri, mishono imenyooka, pindo safi. Haimwingii mwenye nayo. Tumeipima kiunoni: 68. Mteja ana 74, na kitambaa cha sketi hukatwa kwa robo ya kipimo.

"Robo ya 74 uliandika ngapi?"

"Kumi na saba, mwalimu."

Nilitaka kumwandikia ubaoni 74 gawa kwa 4, na nadhani miaka miwili iliyopita ningefanya hivyo. Mama Cherehani akanigusa mkono. Akachukua futi kamba, akampa binti. "Shika sifuri. Sasa shika 74 kwa mkono mwingine. Vikutanishe." Futi kamba ikakunjika katikati, ikaning'inia. "Imekunjikia wapi? Soma." Binti akainamisha kichwa, kidole kikatembea kwenye namba. Thelathini na saba. "Haya, hiyo uliyonayo ikunje tena." Akaikunja. Kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama. "Kumi na nane... na nusu?"

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Kumi na nane na nusu."

Nikampa kipimo cha nyonga, 98, nikamwambia sitasema neno. Akakunja: 49. Akakunja tena: 24 na nusu. Hapo ndipo nikachukua chaki, nikaandika zile namba tatu, 98, 49, 24.5, moja chini ya nyingine kwenye karatasi ya kaki. Aliziangalia kwa muda. "Kumbe kugawa kwa nne ni kukata nusu mara mbili." Nikamuuliza shuleni hawakumfundisha? Akasema walifundisha, ila yeye hakuwepo. Mama yake alikuwa anaumwa, alikaa nyumbani muhula mzima, aliporudi wenzake walikuwa wameshafika mbele. Hakuna aliyemrudisha pale alipoachia. Amebeba hilo pengo tangu darasa la tano, darasa alilopo mwanangu sasa.

Sketi haikutupwa. Mama Cherehani alimwambia akate vipande viwili vya kuongezea pembeni, kila kimoja sentimita 5. "Tano za nini, kama pamepungua sita?" Binti akafikiri. Tatu kila upande zinatimiza sita, na sentimita moja moja ya mshono huku na huku. Alijibu mwenyewe. Mabinti wengine wanne walikuwa wameshasogeza viti, kila mmoja anakunja futi kamba yake.

Saa 11 jioni. Ofisini. Naandika tangazo. Kuripoti kwa mkufunzi wa umeme, mistari miwili. Kustaafu kwa Mama Cherehani, nimefuta mara tatu. Kila sentensi inatoka kama ya kwenye msiba, na mtu yuko hai karakana ya pili anapiga mashine mafuta. Mwisho nimeandika tarehe yake ya mwisho, na kwamba kuanzia Jumatatu kila mshonaji akae naye dakika 20 kwa zamu kabla hajaondoka. Masomo ya ziada: saa 9, karakana, majina ya walimu. Ya korosho: Jumamosi saa 3 asubuhi. Nafasi ya jina la mlezi nimeiacha wazi.

Saa 2 usiku. Mwanangu analeta daftari la hesabu. Siku nyingine namwambia asubiri. Leo nimekaa naye mpaka mwisho.

Saa 3 usiku. Nampigia binti mmoja aliyemaliza kwetu mwaka jana, anashona barazani kwake, dakika 10 kwa miguu kutoka chuoni. Alipokuwa kwetu, wenzake walikuwa wanamwachia watoto hata mlezi akiwepo. Nimemweleza kazi, malipo, miezi mitatu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mwalimu, na wangu je? Hajatimiza miaka miwili."

Nikamwambia aje naye, Jumatatu, saa 1 kamili.