Kijiti cha meno kimeniokolea hela
Boneti yangu ilikuwa imedonolewa na kokoto mpaka inatia aibu, na sehemu moja kutu ilishaanza. Fundi akataka kupiga rangi boneti nzima. Nikasema hapana, najaribu mwenyewe.

Kwanza namba ya rangi. Gari langu linayo kwenye kibandiko cha mlangoni upande wa dereva. Usikisie kwa macho, nyeupe ziko nyingi! Nikaosha, nikafuta mafuta kwa spiriti, nikakwangua kutu kwa kipande kidogo cha msasa hadi bati likang'aa. Praima kidogo (rangi ya msingi), ikakauka.

Rangi sikutumia brashi ya kwenye kichupa, ni nene mno. Nilichovya ncha ya kijiti cha meno, nikadondosha tone katikati ya kidonda, likajitandaza lenyewe. Mikono ilitetemeka kama natia mtoto dawa ya macho. Tabaka la kwanza nililijaza mno, likatoa kinundu, nikafuta nikaanza upya. Safari ya pili matabaka matatu membamba, kisha klia, ile ya juu inayopitisha mwanga.

Baada ya wiki nikasugua kwa msasa namba 2000 na maji, nikamalizia na polishi. Ukiinama karibu utaviona vidonda. Ukisimama hatua mbili, huvioni.