Mama wa empanada na mgeni mwenye kamera

Nina hasira tangu Jumamosi, na hadi leo hazijapoa. Mgeni mmoja alisimama mbele ya kikaango cha mama mwenye nyumba wangu, kamera imemning'inia shingoni, akamrekodi anavyokaanga empanada, hizi kama sambusa za unga wa mahindi. Hakumsalimia. Hakununua hata moja. Jioni kijana wa jirani akatuletea simu tuone: mama yetu yumo, na juu ya kichwa chake maandishi makubwa kwamba huu ndio mtaa wa hatari kuliko yote hapa Medellín, Kolombia. Mama akatazama hadi mwisho, akajifuta mikono, akaniuliza, "Mijo, hatari ni mimi?"

"Mijo" kwa Kihispania cha huku ni "mwanangu". Nina miaka 38, nimetoka Makorora, Tanga, na nilikosa la kumjibu.

Hapa ni Comuna 13, mitaa ya mlimani pembeni mwa jiji. Oktoba 2002 wanajeshi na polisi waliingia huku milimani kwa Operesheni Orión, kuwafurusha wapiganaji wenye silaha, helikopta zikizunguka juu ya mabati, na mama aliwalaza wanawe chini ya kitanda. Hayo hakuulizwa. Tangu 2011 tuna ngazi za umeme za kupandia mlima, kuta zimejaa michoro, na watalii wanamiminika kila siku. Mtaa huu unarekodiwa kuliko harusi, lakini wanaorekodi ni wapita njia, na wenye mtaa wanatokea nyuma yao kama mapazia.

Msiniambie watu wa huku hawajui kusimulia. Mlima wa jirani, La Loma, vijana walianza 2007 kukutana maktaba ya mtaa, wakajifunza blogu, picha na video, wakajiita HiperBarrio. Mwaka 2009 wakashinda Golden Nica, tuzo kubwa ya Ars Electronica, taasisi ya sanaa na teknolojia kule Linz, Austria. Watoto wa mlimani, kwa kamera ndogondogo na kompyuta za kupokezana!

Tatizo ni bando. Mnaolijua bando la nyumbani linavyoyeyuka mtanielewa haraka. Watu wa mtaani kwetu wananunua vifurushi vidogo vya siku chache, na kwa miaka mingi vingi vilitoa WhatsApp bila kuhesabu MB. Basi kila mtu yuko WhatsApp, na unaweza kudhani intaneti ipo. Jaribu kurusha video YouTube uone. Dakika moja ya picha safi inaweza kula MB 100 na zaidi. Dakika chache tu, kifurushi kidogo kinaweza kwisha, na chakula cha jioni nacho kimeingia mashakani. Halafu YouTube, ili ikugawie pesa za matangazo, inataka wafuasi 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mgeni mwenye waya wa kasi hotelini anazifikisha. Binti wa miaka 16 anayetumia simu moja na mama yake na kaka zake wawili atazifikisha lini?

Ndiyo maana wanaokuja na msaada wa kamera wananichosha. Simu zipo, hata zenye kioo kilichopasuka zinarekodi. Alhamisi nakaa na vijana sita, na tunachofundishana ni ubahili: rekodi fupi, punguza ubora wa picha hadi 480p kabla ya kurusha, sauti iwe safi maana picha hafifu watu huivumilia lakini sauti mbovu hawaivumilii, hifadhi kwenye memori kadi, mpe jirani kwa Bluetooth. Kurusha ni maktaba, penye Wi-Fi. Na kabla hujawasha kamera, salimia, omba ruhusa. Hilo sikuhitaji kulisoma popote, nilizaliwa nalo.

Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuja: jifunzeni Kihispania kwanza, miezi sita kabla ya tiketi. Kiingereza chako hapa kinakupa kazi ya kufundisha, hakikununulii nyanya. Na kama mpango wako ni kupitia Kolombia, uvuke msitu wa Darién, mpakani na Panama, kwenda kaskazini hadi Marekani, nakusihi, acha. Watu wanafia mle.

Jana binti yule wa simu moja alimrekodi mama wa empanada. Alimuacha aseme mwenyewe: mahindi anayosaga, miaka ya hapo barazani, ule usiku wa helikopta. Dakika tatu na nusu. Tulimwonyesha kwanza kwenye ukuta wa jikoni kwa projekta ya kuazima, majirani wakajazana hadi ngazini, na hakuna aliyeongea mpaka ikaisha.

Sasa mama anataka itumwe kwa mwanawe aliyeko Madrid. Binti ameipunguza mara ya kwanza, mama akaikataa. Anasema uso wake umekuwa ukungu, na mtoto hajamwona miaka minne. Kesho tunaipeleka maktaba, tutairusha ikiwa nzima, hata ikichukua asubuhi yote.