Siku moja Uppark, jumba lililorudi kutoka kwenye majivu

Saa 2:30 asubuhi. Naingia kwa mlango wa wafanyakazi. Uppark ni jumba la matofali mekundu juu ya vilima vya South Downs, West Sussex, kusini mwa Uingereza. Lilijengwa mnamo 1690 hivi, na mwaka 1747 likanunuliwa na Matthew Fetherstonhaugh.

Saa 3. Vumbi kwanza, kwa brashi laini. Madirisha nayafungua nusu tu. Jua hula rangi za vitambaa.

Saa 5. Wageni wanafika, na swali ni lile lile: hii dari ni ya kale kweli? Hapo ndipo raha yangu ilipo. Tarehe 30 Agosti 1989 mafundi walikuwa kwenye paa wakilehemu mabamba ya risasi (yale madini laini), ukarabati ukikaribia kwisha, moto ukashika mbao. Wafanyakazi, wanafamilia na wazimamoto wakapanga mstari, wakapokezana picha, viti na mazulia hadi nje kwenye nyasi. Ghorofa ya juu iliteketea. Vitu vya chini, vingi mno, viliokoka.

Wapo waliotaka libaki gofu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuta zilisimama, samani zilikuwapo, zingekwenda wapi? National Trust, shirika la Uingereza linalohifadhi majumba ya kale, iliamua nyumba irudi ilivyokuwa siku moja kabla ya moto, pamoja na uchakavu wake. Majivu yakachekechwa, vipande vya lipu, mbao na vitasa vikakusanywa kwenye mapipa na kutafutiwa mahali pake. Mafundi wakajifunza upya kufinyanga maua ya dari kwa mkono, kwa chokaa iliyochanganywa na nywele za wanyama. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, na najua chokaa haiharakishwi. Wageni waliingia tena mwaka 1995.

Saa 8 mchana. Nashuka na kundi kwenye njia za chini ya ardhi, walimopita watumishi na chakula kutoka jikoni lililojengwa kando. Tangu 1880 msimamizi wao alikuwa Sarah Wells, mama yake mwandishi H. G. Wells. Huku huwa sisemi haraka. Walioliendesha jumba hili ni hao.

Saa 11 jioni tunafunga. Nakagua chumba kimoja kimoja, naandika joto na unyevu wa hewa daftarini. Kesho wanakuja wanafunzi wa useremala, na nitaanza nao kwenye michongo: kipande kipya kimeungwa wapi na cha zamani.